Kabla ya kununua vyombo vya udijei, chora njia ya sauti

Jioni ya kwanza nilipounganisha vyombo vyangu vyote, nilivaa hedifoni nikitarajia kusikia wimbo unaofuata huku spika zikiendelea na ule unaopigwa. Hedifoni na spika zikatoa wimbo uleule. Nilihangaika na mipangilio ya programu hadi usiku wa manane, kumbe programu haikuwa na kosa. Kadi ya sauti niliyonunua, yaani kifaa kinachopitisha sauti kati ya kompyuta na vyombo vingine, ilikuwa na chaneli 2 tu za kutoa, kushoto na kulia, basi. Wimbo wa kuandaa haukuwa na njia yake ya kupita. Nilikuwa na mashine mbili za santuri, laptopu nzuri na santuri za msimbo, na bado sikuweza kufanya jambo la kwanza ambalo dijei hulifanya: kuusikiliza wimbo kabla hadhira haijausikia.

Tangu siku hiyo, mtu akiniomba ushauri kuhusu vyombo vya kuanzia, sianzi kumtajia mashine. Namwomba achukue karatasi achore njia ya sauti tangu kwenye sindano mpaka kwenye spika, na kila waya aupe mshale wake. Anayenunua bila mchoro huo hununua vitu vizuri visivyoelewana.

Nizungumzie mfumo ninaoutumia mwenyewe, ule wa mseto: mikono inashika santuri halisi na miksa halisi, chombo cha kuchanganya sauti, lakini nyimbo zimo ndani ya kompyuta. Santuri iliyo kwenye mashine haina muziki. Ina mlio maalumu wa msimbo. Kwa santuri za Serato, kampuni ya programu ya udijei, mlio huo ni wa mitetemo 1,000 kwa sekunde sahani ikizunguka kwa kasi ya kawaida. Ukipunguza kasi mlio unashuka, ukiongeza unapanda, na programu inaupunguza au kuuharakisha wimbo wako vivyo hivyo. Mlio huo huo umechongwa upande wa kushoto na wa kulia, ila upande mmoja umetangulia mwingine kwa robo ya mzunguko, na hapo ndipo kompyuta inapojua kama santuri inakwenda mbele au inarudi nyuma. Mabadiliko madogo ndani ya mlio yanaieleza kompyuta sindano iko wapi kwenye santuri. Serato na kampuni ya Rane walitoa mfumo wa aina hii, Scratch Live, mwaka 2004, na madijei wengi wa santuri waliacha kubeba masanduku mazito tangu hapo.

Ukielewa hilo, utaona kwa nini kadi ya sauti ndiyo moyo wa kila kitu. Mashine mbili za santuri zinatuma chaneli 4 kuingia kwenye kompyuta, kwa sababu kila mashine ina kushoto na kulia. Kompyuta inarudisha chaneli 4 kwenda kwenye miksa. Kwa hiyo unahitaji kadi yenye 4 za kuingiza na 4 za kutoa, iwe kikasha cha peke yake au iwe imejengwa ndani ya miksa. Ikipungua hapo, mfumo wa santuri mbili hautakamilika, hata muuzaji akikuapia.

Kuna mitego miwili ambayo ningependa kila anayeanza aijue. Wa kwanza ni miksa yenye tundu la USB. Tundu hilo peke yake si ushahidi wa kitu. Kwenye miksa nyingi za bei nafuu liko kwa ajili ya kurekodi tu, chaneli 2 za mchanganyiko uliokwisha kufanyika, na kompyuta haiwezi kuzisikia mashine za santuri moja moja. Wa pili unanasa wengi zaidi: kontrola, yaani chombo chenye vitufe na vitelezo vya kuendeshea programu, yenye matundu ya kuchomeka mashine za santuri kwa nyuma. Mara nyingi sauti inayoingia pale inakwenda moja kwa moja kwenye sehemu ya miksa na kutokea kwenye spika, bila kupita kwenye kompyuta kamwe. Utachomeka santuri ya msimbo na spika zitakupigia ule mlio wenyewe, mkali kama filimbi. Fungua mwongozo wa chombo kabla ya kulipa na utafute mahali panaposema wazi kwamba milango ya kuingiza inafika kwenye kompyuta kupitia USB, na kwamba chombo kinakubalika na programu unayoitaka kwa kazi ya santuri za msimbo. Usipopaona, acha.

Hapo hapo chunguza swichi ya aina ya sauti. Sindano inatoa umeme mdogo sana, milivolti chache tu, wakati vyombo vingine vinatoa mara nyingi zaidi ya hapo. Ndiyo sababu miksa na kadi za sauti zina mlango wa fono kwa santuri na mlango wa laini kwa vinginevyo. Ukichomeka santuri kwenye laini, programu itapata mnong'ono na wimbo utakuwa unakatikakatika. Kuna mashine za santuri zenye swichi hiyo kwa nyuma, fono na laini, basi hakikisha pande zote mbili zinakubaliana.

Sasa mashine zenyewe. Kama fedha haitoshi kwa mashine mbili nzuri, nunua moja nzuri. Nasema hivi kwa uchungu kidogo, kwa sababu mimi nilinunua mbili dhaifu. Zilikuwa za mkanda, yaani mota iko pembeni na inazungusha sahani kwa mkanda wa mpira. Ukishika santuri na kuiachia, sahani inajivuta kwanza kabla ya kurudia kasi yake, na wimbo unaingia ukiwa umechoka. Niliwekeza miezi ya mazoezi kwenye mashine ambazo hazikuweza kufanya kile nilichokuwa najifunza, nikidhani mkono wangu ndio mbaya. Tafuta mashine ambayo mota inazungusha sahani moja kwa moja. Technics SL-1200 ilitoka mwaka 1972 na toleo la MK2 likafuata mwaka 1979, na mpaka leo zile za zamani zilizotunzwa vizuri bado zinafanya kazi. Lakini si lazima iwe hiyo. Kampuni kadhaa zinatengeneza mashine za aina hiyo, na baadhi zina mota yenye nguvu kuliko ile ya MK2.

Ukinunua iliyotumika, jaribu mambo haya mbele ya muuzaji: sogeza kitelezo cha kasi polepole kupita katikati uone kama kasi inaruka, tikisa mkono wa sindano taratibu usikie kama umelegea, na vuta kidogo nyaya za sauti pale zinapoingia kwenye mashine huku muziki ukipigwa. Upande mmoja ukipotea, ujue msimbo nao utapotea, maana kompyuta inahitaji pande zote mbili.

Mashine moja ya santuri pamoja na kontrola ndogo ni mwanzo mzuri sana, na ningeuchagua leo bila kusita. Santuri inafundisha mkono, kontrola inabeba wimbo wa pili. Ila jua tofauti yake. Ujumbe wa kawaida wa MIDI, mfumo wa vyombo vya muziki na kompyuta kuwasiliana uliokuja mwaka 1983, una ngazi 128 tu. Kitelezo cha kasi chenye upana wa asilimia 8 juu na 8 chini, kikigawanywa kwa ngazi hizo, kinaruka kwa karibu asilimia 0.13 kila hatua. Kwa wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, hiyo ni takriban pigo 0.15 kwa dakika. Ni kidogo, lakini nyimbo mbili zikikaa pamoja dakika nzima utasikia zikiachana. Kuna kontrola zinazotuma kwa ngazi zaidi ya 16,000. Uliza hilo kabla ya kuuliza habari za taa za rangi.

Sindano: chagua ya udijei yenye ncha ya mviringo, inayokubali uzito wa gramu 3 hadi 4. Sindano laini za kusikilizia muziki nyumbani zinaruka ukirudisha santuri nyuma, na huchakaa haraka. Santuri ya msimbo nayo inachakaa. Ukiona programu inaanza kuyumba sehemu moja ya santuri, igeuze au badilisha.

Kuhusu laptopu sina mengi. RAM ya GB 8, diski ya SSD, matundu ya USB yasiyolegea. Kilicho muhimu zaidi ni bafa, kiasi cha sauti ambacho kompyuta inajiwekea akiba kabla ya kuitoa. Bafa ya sampuli 512 kwa sampuli 44,100 kwa sekunde inachelewesha sauti kwa milisekunde 11.6. Ya 128 ni milisekunde 2.9. Kwa kuchanganya nyimbo tu, hizo 11.6 utaziishi. Kwa kuskrachi, yaani kusugua santuri mbele na nyuma kwa mkono, mkono utakuambia kuna kitu kinavutwa nyuma. Shusha bafa hatua kwa hatua mpaka usikie mikwaruzo, kisha panda hatua moja. Kama unatumia Windows, weka draiva ya ASIO, programu ndogo inayopunguza ucheleweshaji wa sauti, iliyotoka kwa mtengenezaji wa kadi yako. Zima Wi-Fi na masasisho wakati wa kupiga. Na kadi ya sauti ichomeke kwenye laptopu moja kwa moja, usiipitishe kwenye kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake.

Programu isikumalizie bajeti. Mixxx ni ya bure na inasoma santuri za msimbo, kwa hiyo unaweza kuanza nayo ukajua kama njia hii inakufaa kabla ya kulipia Serato, Traktor au nyingine. Yoyote utakayochagua, anza na hali ya kufuata mwendo tu, ambapo sindano ikiruka wimbo haurukii mahali pengine. Hali ya kufuata nafasi halisi ya sindano utaipenda baadaye, mkono ukitulia.

Mvumo ule wa chini usiokoma, huo ulinisumbua wiki mbili. Chanzo cha kwanza kilikuwa waya mwembamba wa ethi unaotoka kwenye mashine ya santuri, ambao sikuufunga kwenye skrubu yake nyuma ya miksa. Nilipoufunga, mvumo ukapungua lakini haukwisha. Nikachomoa chaja ya laptopu, kimya. Basi jaribu hivyo: ukitumia betri mvumo ukaondoka, tatizo liko kwenye umeme wa chaja, na kuchomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja husaidia mara nyingi.

Hedifoni iwe inayofunika sikio lote na inayozunguka upande mmoja. Spika za inchi 5 zinatosha chumbani, lakini usiziweke juu ya meza moja na mashine za santuri, maana besi inatikisa sindano na msimbo unayumba. Na masikio tafadhali. Taasisi ya NIOSH ya Marekani inapendekeza desibeli 85 zisizidi saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka muda unapungua nusu. Kwenye desibeli 100 hiyo ni dakika 15. Zoea kusikiliza kwa sauti ndogo tangu chumbani.

Nyimbo zangu ziko mahali pawili. MP3 ya kbps 320 inachukua takriban MB 2.4 kwa dakika, kwa hiyo nyimbo 1,000 za dakika tano ni kama GB 12, zinaingia kwenye flashi ya GB 16. Pamoja na flashi hiyo ninabeba santuri mbili za muziki halisi. Niliwahi kuzimikiwa na laptopu ukumbi ukiwa umejaa. Nilihamisha swichi ya miksa kutoka USB kwenda fono, nikaweka santuri, na watu wakaendelea kucheza kwa dakika sita nilizohitaji kuiwasha tena.