Jibu: Hataza ya kikaushio cha dagaa

Ndugu yangu, umeuliza uanzie wapi kuombea hataza (haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako) kikaushio chako cha dagaa. Kwanza, usikionyeshe sokoni Mwaloni, Mwanza, wala kwenye maonyesho ya Nanenane pale Nyamhongolo kabla hujawasilisha maombi BRELA, wakala wa serikali unaosajili hataza. Kikishaonwa na watu kinaweza kupoteza upya, yaani sifa ya kutojulikana kabla, na bila upya hakuna hataza.

Nguvu yako iweke kwenye madai, yaani sehemu ya ombi inayotaja unacholinda. Ukidai "trei ya mabati" tu, mwenzako atatumia plastiki na hutamgusa. Dai namna hewa moto inavyozunguka kati ya trei. Malighafi na vipimo viache kwa madai yanayofuata. Maelezo ya uvumbuzi ndani ya ombi yamtoshe fundi mwingine kukiunda bila kukuuliza. Michoro na muhtasari ni kazi nyepesi.

Wateja wako wakiwa hata Kenya na Uganda, pitia ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki bunifu: ombi moja, unazitaja nchi unazotaka.