Tanka za kampuni ndogo, nani anazichunga?

Swali: Jambo redaksheni, niko Goma, hapa boti za Bukavu bosi anajua kila mfanyakazi wake, sasa kampuni ndogo yenye tanka (meli za kubeba mafuta, kemikali ao gesi) tatu ao nne baharini inatoa wapi mabaharia?

Jibu: Ndugu, mara mingi bosi hawaandiki mwenyewe, anapatia ajensi kazi hiyo, ndiyo maana utakuta Wafilipino na Wahindi wengi, kontra ya miezi kazaa, wanashuka, wengine wanapanda. Tanka kubwa inaenda na watu 20 hadi 25 tu! Na breve (cheti) ya kawaida ya baharia haitoshi, kuna mafunzo ya pekee ya mafuta, ya kemikali, ya gesi. Kupumuzika ni angalau saa 10 kwa siku (kwenye makaratasi, eh). Halafu ku biro ya kampuni lazima kuwe mtu wa kuangalia usalama wa meli, mwenye kuingia kwa bosi mkubwa bila kupiga foleni, kapiteni anamupigia hata usiku.