Maswali na Majibu: Kuhudhuria mkutano si kushiriki

Wiki hii nimechagua barua nne, zote zikihusu nafasi ya jamii zenye watu wachache katika maamuzi ya umma.

Swali: Ndugu mwandishi, hizi habari za "walio wachache kitaifa" si ni za Ulaya? Sisi sote ni Watanzania. (Msomaji, Chamwino)

Istilahi hiyo kweli imekulia Ulaya. Mkataba wa Baraza la Ulaya wa kulinda walio wachache kitaifa ulifunguliwa kutiwa saini mwaka 1995, na Ibara yake ya 15 inazitaka nchi kuweka mazingira ya watu hao kushiriki kikamilifu katika utamaduni, maisha ya kijamii, uchumi na mambo ya umma. Hata hivyo jambo lenyewe tunalo. Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu, na Ibara ya 13 inapokataza ubaguzi inataja kabila waziwazi. Utanzania wetu ni neema kubwa, nami sitaki upungue hata chembe. Ila Msandawe wa Chemba na Mhadzabe wa Mkalama, watu wa jamii mbili ndogo za katikati ya nchi, wanaulizia Utanzania huohuo unawafikia vipi pale kijijini kwao.

Swali: Katika mikutano ya kijiji chetu wazee wanaozungumza Kisandawe tu hukaa kimya hadi mwisho. Tufanye nini? (Mwalimu, Wilaya ya Chemba)

Mwalimu, barua yako imenikumbusha mkutano niliowahi kuhudhuria katika kijiji kimoja, chini ya mbuyu. Mzee mmoja alisimama, akaegemea fimbo yake, akazungumza Kisandawe kwa muda mrefu huku akinyoosha mkono kuelekea korongo. Baadhi ya vijana wakacheka zile sauti za kugonga ulimi (vidoko) zilizomo katika lugha yake. Mwenyekiti akamshukuru, kisha akaita ajenda inayofuata. Baadaye niliuona muhtasari: jina la mzee lilikuwa katika orodha ya mahudhurio, na chini yake pameandikwa kwamba wajumbe wote waliafiki. Kijana aliyekaa karibu nami ndiye aliyenieleza kwamba mzee alikuwa anapinga, kwa sababu eneo lililopendekezwa kwa kisima hujaa maji ya mafuriko.

Kisima ni cha watu wote, na hasara ya kutomsikia mzee ingekuwa ya watu wote vilevile. Kiswahili ndiyo lugha ya shughuli za serikali, na ni sawa muhtasari uandikwe kwa Kiswahili, lakini hilo halimzuii mwenyekiti kumteua mtu anayeaminiwa na wazee ili afasiri kila hoja kabla ya watu kunyoosha mikono. Mkutano utachelewa kwa nusu saa hivi. Na afasiri pande zote mbili, maana nimeona mahali ambapo wazee huelezwa uamuzi tu, ukiwa umekwisha kupita.

Swali: Wahadzabe hawaji kwenye mikutano. Tuwasubiri hadi lini? (Mjumbe wa halmashauri ya kijiji, Mkalama)

Ndugu mjumbe, mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, lakini siku na mahali mnachagua ninyi. Wakati wa kiangazi familia za Wahadzabe, ambao huishi kwa kuwinda na kuokota matunda porini, hukusanyika karibu na maji, na mvua zikinyesha hutawanyika kufuata matunda na asali. Mkiitisha mkutano wa ardhi katikati ya mvua, mmekwisha kuamua nani hatakuwapo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, kwa hiyo kwa mtu anayeishi kwa kutegemea pori, kiti katika mkutano huo ndicho ulinzi wake. Jirani zenu wa Bonde la Yaeda wameonyesha njia: mwaka 2011 Wahadzabe wa huko walipata hati ya hakimiliki ya kimila kwa pamoja, kama jamii, badala ya kila mmoja na kipande chake.

Swali: Kwa nini jamii hizi zisipewe viti maalumu kama wanawake? (Msomaji, Dodoma mjini)

Yapo mataifa yaliyofanya hivyo. Slovenia ina wabunge 90, na kati yao mmoja huchaguliwa na jamii ya Waitaliano na mmoja na ya Wahungari. Kwetu nina wasiwasi na njia hiyo, kwa kuwa sensa yetu haijauliza kabila tangu mwaka 1967, na kurudisha hesabu hiyo kunaweza kuzua uhasama zaidi kuliko haki. Ningeanzia kwenye kitongoji, ambako jamii ndogo mara nyingi ndiyo wengi na inaweza kumchagua mwenyekiti wake, na kwenye kile kipengele cha kusoma na kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita. Kipengele hicho hupitishwa haraka mno. Asiyekubaliana na kilichoandikwa asimame hapo, ataje alichosema, na aombe kiingizwe kabla mwenyekiti hajatia saini.