Njia ya kisimani imepandwa mikorosho: maswali ya wasomaji kuhusu njia za vijijini

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Tuna kikundi cha kujitolea kinachofyeka njia ya miguu inayoshuka bondeni kisimani. Njia hiyo ipo tangu enzi za mababu. Sasa jirani mmoja amepanda mikorosho juu yake na kuweka uzio. Tuing'oe? (Msomaji, Newala)

JIBU: Msiguse hata mche mmoja. Mkishaung'oa mnajibu ninyi kesi ya uharibifu wa mali, na habari ya njia inazama.

Anzeni kwa Mtendaji wa Kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inatambua ardhi inayotumiwa na wote, ya watu binafsi, na iliyobaki kwa ajili ya kugawiwa baadaye. Ulizeni kama njia yenu imo kwenye daftari la ardhi ya pamoja, au imechorwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Mara nyingi haimo popote: kwa kuwa kila mtu anaijua, hakuna aliyeona haja ya kuiandika. Basi iandikeni. Chora ramani ya mkono yenye alama zisizohama (mwembe, msikiti, karavati), pima upana kwa futi kamba, orodhesha wazee wanaoifahamu, kisha peleka barua Halmashauri ya Kijiji ukiomba iwe ajenda ya Mkutano Mkuu. Ikipita, ombeni nakala ya muhtasari yenye sahihi na mhuri. Bila muhtasari huo, mwenyekiti akibadilika mnaanza upya.

Ugomvi wenyewe upelekeni Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu, na kazi yake ni kusuluhisha. Nalo Baraza la Kata siku hizi husuluhisha tu. Hukumu hutolewa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kama jirani ana hatimiliki ya kimila, ombeni kuona mipaka yake kabla ya kusema lolote.

Nendeni na pendekezo, msiende na malalamiko matupu. Mikorosho hupandwa mita 12 kwa 12, kwa hiyo nafasi ya njia ya mita mbili haikosekani. Ila msikubali ipite katikati ya shamba. Salfa, dawa ya unga ya mikorosho, hupulizwa alfajiri majani yakiwa na umande, saa zile zile akina mama wanapokwenda kisimani. Pembeni mwa mpaka ni salama zaidi. Halafu mjue kinachomfanya mtu aweke uzio: kwa kawaida anahofia korosho zake zitaokotwa na wapita njia. Andikeni kwenye makubaliano kwamba korosho iliyodondoka njiani ni ya mwenye mti, na watoto waambiwe kwamba hata bibo wakilitaka wanaomba. Sharti hilo dogo hulegeza watu wengi kuliko vifungu vya sheria.

SWALI: Tunaisafisha njia yetu kila mwaka, lakini mteremkoni imegeuka korongo. Tunakosea wapi? (Msomaji, Rondo, Lindi)

JIBU: Bila shaka mnaipalilia kwa jembe mpaka mchanga unang'aa. Acheni. Tumieni fyekeo, mkate nyasi na kubakiza mizizi, maana ndiyo inayoshika udongo. Upana wa mita mbili unatosha mtu mwenye mzigo wa kuni ulalao kichwani kumpisha mwenye baiskeli ya madumu. Matawi yakateni hadi mita mbili na nusu kwenda juu.

Kisha shughulikieni maji. Pimeni mteremko: mmoja akae upande wa juu wa mteremko na kuigusisha ardhini ncha moja ya kamba ya mita 10, mwenzake aliye upande wa chini aikaze na kuinua ncha yake mpaka kamba ilale sawa. Chupa ya maji iliyojazwa nusu na kulazwa kwenye kamba itawaonyesha. Pimeni kutoka ncha aliyoinua huyo wa chini hadi ardhini. Ikizidi mita moja, hamishieni njia ubavuni mwa kilima ipande kwa kukata kona. Ikiwa haizidi, wekeni magogo ya kukinga maji, ya mti mgumu, unene wa sentimita 15 hadi 20, theluthi mbili yakiwa yamezikwa. Wengi huyalaza yakatize njia moja kwa moja. Mchanga hujaa nyuma yake na maji huruka juu. Yalazeni mshazari, na ncha ya chini mchimbe mtaro wa kuyatoa maji mpaka majanini. Sehemu kali weka gogo kila mita 10, sehemu ya wastani kila 30. Kazi iishe Oktoba. Mvua ya kwanza ikinyesha, mmoja wenu atoke mvuani aone maji yanapita wapi.

Mkiingia msitu wa hifadhi wa kijiji, kamati ya maliasili itoe ruhusa kwanza. Msitu wa hifadhi wa serikali kuu, ombeni ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania).

SWALI: Ni kweli Marekani kuna wapanda farasi wanaofyeka njia bure? Na huku kwetu farasi angefaa? (Msomaji, Masasi)

JIBU: Ni kweli. Back Country Horsemen ilianzia Montana mwaka 1973. Wanapeleka vifaa na chakula cha mafundi njia kwa farasi na nyumbu, kwani maeneo ya nyika yanayolindwa na sheria yao ya 1964 hayaruhusu msumeno wa injini; miti iliyoanguka hukatwa kwa msumeno wa watu wawili. Njia ya farasi husafishwa mpaka mita tatu juu, kwa ajili ya kichwa cha mpandaji.

Huku ndorobo wapo, na farasi hufa haraka kwa nagana, ugonjwa wanaoueneza, na kwa tauni ya farasi inayoenezwa na visubi. Punda huvumilia zaidi, ingawa naye huugua. Madumu mawili ya lita 20 yanamtosha. Manne ni kumuumiza.

SWALI: Upupu umetufukuza njiani. (Msomaji, Tandahimba)

JIBU: Ukateni ukiwa bado na maua ya zambarau, kabla maganda hayajakauka. Mkichelewa, subirini asubuhi yenye umande, mnyunyizie maji, mkate mkiwa mmeupa upepo mgongo. Msiuchome. Aliyepata asijikune: abandike selotepu na kuibandua, aoge baadaye, na nguo zake zifuliwe peke yake.