Maswali ya Kamera: Binamu yuko Osaka, aninunulie R-D1?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi napiga picha za harusi na za pasipoti hapa Tanga, kwa Nikon ya mtumba na lenzi mbili. Binamu yangu anayeleta magari kutoka Japani ameona duka Osaka linauza Epson R-D1s, ile kamera ndogo ya renjifainda ya dijitali. Rafu hiyohiyo kuna na Fujifilm X100 ya kwanza, bei yake chini kidogo. Fedha yangu inatosha moja tu. R-D1 nimeisoma mpaka naiota. Mke wangu ananicheka, anasema Epson ni mashine za kuchapishia risiti. Nichukue ipi?
– Kijana wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkeo hajakosea, Epson ni watu wa printa. Ila mwaka 2004 walishirikiana na Cosina, kiwanda cha kamera na lenzi hukohuko Japani, wakatoa R-D1 (hiyo R-D1s ni toleo lake la baadaye), renjifainda ya kwanza ya dijitali duniani. Leica wenyewe, wenye jina la renjifainda, walifika na M8 yao mwaka 2006. Na nikuambie mapema kwamba mimi ninayo, tangu 2011, kwa hiyo hakimu wako ana upande.

Kwa wasomaji wasioijua: kwenye renjifainda huchungulii kupitia lenzi. Unachungulia kwenye dirisha lake pembeni, na katikati ya dirisha kuna kipande kidogo king'avu chenye taswira ya pili. Ukizungusha lenzi, taswira hiyo inasogea. Zikilaliana mbili zikawa moja, fokasi imekaa, yaani hapo ndipo picha itatoka kali. Haina otomatiki, ni jicho lako na kidole chako. Bibi aliyejitanda kanga ni rahisi, kwa sababu pindo la kanga lina mistari. Unaona pindo mbili, unazungusha, linabaki moja. Shehe aliyevaa kanzu nyeupe tupu atakutoa jasho, maana hakuna mstari wa kushika. Mimi hulenga tarizi ya shingoni, au kofia kama ni ya viua.

Sasa utamu wake. Dirisha la R-D1 linaonyesha vitu kwa ukubwa uleule unaouona kwa jicho tupu, hivyo unaweza kuacha macho yote mawili wazi. Mpaka wa picha umechorwa kwa mistari myeupe inayoelea, na nje ya mistari bado unaona. Nenda pale Deep Sea asubuhi samaki wakishushwa. Kwa Nikon yako, kijana mwenye tenga anaingia kwenye picha ghafla na wewe unashtuka pamoja naye. Kwa renjifainda nilishamwona hatua tatu kabla, nikamngoja afike nilipomtaka. Tena shata, kile kimlango cha kupitisha mwanga, ikifunguka dirisha halifungi giza, kwa hiyo unajua kama alipepesa macho. Na kwa sababu kamera ni ndogo, watu hawasimami wima kama wako kwa mpiga picha wa pasipoti. Kwangu mimi hilo ndilo la kwanza, kuliko megapikseli zote.

Picha nzuri zaidi hupigwa bila hata kulenga. Lenzi ya milimita 28, apacha (tundu la mwanga la lenzi) f/8, fokasi mita 3: kuanzia kama mita 2 hadi 7 hivi kila kitu kimekaa. Unanyanyua, unabonyeza, unashusha. Kwenye sensa ile, kipande kinachopokea picha, ambacho ni kidogo kuliko filamu, 28 inaona kama 43 ya kamera ya filamu, karibu kabisa na jicho la mtu.

Tabu zake nazo zisikufiche. Ni megapikseli 6 tu. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, inaishia 1600, na katika ukumbi wenye taa za zambarau picha ya hiyo 1600 ni mchanga mtupu. Kila picha lazima uvute wenzo kwa dole gumba ili shata ijikaze, kama kamera ya filamu, na ndani filamu hakuna! Wengine huona hilo ni pambo. Mimi nimelizoea, lakini siku bwana harusi anapomshika bibi harusi utosini kumpa mkono, tukio la sekunde moja, usitake uwe umeshika R-D1. Saa sita mchana nako kuna shida yake: ISO ya chini ni 200 na shata haipiti 1/2000 ya sekunde, hivyo ukifungua apacha f/2 juani picha inaungua. Utahitaji kioo cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi. Kwenye X100, Fujifilm walikifungia ndani.

Skrini yake unaweza kuigeuza ikatazama ndani, ukabaki na mgongo wa ngozi kama kamera ya babu. Nilijifanya mjuzi siku moja kwenye kivuko cha Pangani. Nikaigeuza, nikapiga kuanzia Bweni hadi ng'ambo, mama na kuku wake, mwenye baiskeli ya mkaa, wote. Kufika naifungua skrini: picha ishirini na mbili, zote nyeusi. Kifuniko cha lenzi kilikuwa mahali pake. Kwenye renjifainda dirisha halikuambii, kwa sababu halipiti kwenye lenzi. Tangu siku ile kifuniko sina, nilikiacha nyumbani na sikitafuti.

Jambo jingine ni kwamba mtambo wa fokasi ni wa vyuma na vioo, na vinasogea. Yangu iligongwa kwenye daladala, nikawa namlenga mtu jicho, sikio ndilo linatoka kali. Mafundi wa kamera niliowauliza walikataa kuifungua. Aliyeirekebisha ni fundi saa, tena alipoona juu yake kuna mishale inayoonyesha betri na idadi ya picha zilizobaki, akacheka akasema hii ni saa, si kamera. Hakuwa mbali na ukweli, maana Epson ni watu wa ukoo mmoja na saa za Seiko.

X100 ya kwanza, iliyoingia madukani 2011, si renjifainda, ingawa ina sura yake. Dirisha la kuchungulia inalo, na mistari inayoelea inayo, ila fokasi yake ni ya otomatiki, tena ya polepole. Lakini ni megapikseli 12, usiku inaona vizuri kuliko R-D1, na shata yake imo ndani ya lenzi: haisikiki, tena inakubali flashi kwa spidi kubwa hata juani. Kwa harusi ya nje hiyo ni kazi. Lenzi ni moja, f/2, haitoki.

Na hapo ndipo swali lako lilipo na shimo. Umetaja R-D1s bila kusema kama ina lenzi. Mara nyingi huuzwa mwili mtupu, na lenzi zako za Nikon hazitaingia. Mdomo wake, pale lenzi inapofungwa, ni wa Leica M. Lenzi moja ya Voigtländer, aina inayoingia hapo, inaweza kukutoa fedha nyingine ya kukuumiza. Kuna Jupiter-8 za Kirusi, milimita 50, ambazo ni rahisi na huingia kwa adapta, ila zitaona kama 75, na si zote zinazosomana vizuri na mtambo wa fokasi. Kwa hiyo mpigie binamu leo. Kama ni mwili mtupu, achukue X100, na usione haya. Kama inakuja na 28 au 35, basi chukua R-D1, kwa sababu Nikon tayari inakulisha na X100 itafanya kazi ileile ya Nikon kwa umbo dogo.

Kabla hajalipa afanye haya. Atoke nje, alenge mnara wa mbali kabisa, na lenzi iwe imezungushwa hadi mwisho wake wa mbali. Taswira mbili zilaliane zikawa moja, na moja isipande juu kidogo kuliko nyingine. Kisha alaze gazeti mezani, alenge mstari mmoja kwa mshazari kutoka mita moja, apacha imefunguliwa yote, atazame ni mstari upi ulio mkali. Apige moja ya giza ya sekunde kadhaa, ahesabu nukta nyeupe, ndizo sehemu za sensa zilizoharibika. Aende na memori kadi yake mfukoni, isiyozidi GB 2, kwa maana kubwa zaidi R-D1s haizisomi, na hizo ndogo siku hizi ni za kuokoteza. Betri isimtishe, aina ya NP-80 inaingia. Ikifika Tanga iweke kwenye bati la biskuti lenye mfuniko mkali na vijipakiti vya silika. Lenzi yangu ya kwanza iliota kuvu kwa kukaa kabatini mwaka mmoja, umande wa bahari hauulizi bei.

SWALI: Niko Muscat. Nimepata Leica M9 kwa bei inayoshangaza. Picha za anga zina vidoa vidogo, muuzaji anasema ni vumbi. Nimwamini?

JIBU: Usimwamini mpaka umwone akipuliza. M9 ya mwaka 2009 ilikuwa renjifainda ya kwanza ya dijitali yenye sensa kubwa sawa na filamu, megapikseli 18, na rangi zake bado watu wanazilia. Lakini kioo kinachofunika sensa ile kilikuja kujulikana kwamba huliwa na unyevu, na Leica walikiri na kubadilisha sensa nyingi, mpaka akiba ikaisha. Piga anga jeupe kwa f/16, ikuze. Vumbi huhama ukipuliza kwa pampu ya mpira. Doa lenye duara hafifu pembeni, lililo palepale kabla na baada, ni kioo kinachooza. Muulize pia risiti ya kubadilishwa sensa. Akikosa, bei hiyo haishangazi tena.