Maswali na Majibu: Ya Chumbani kwa Watu Mwayatakani?

Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba dhambi, jinai na umbeya ni vitu vitatu mbalimbali, na kwamba sisi wa Mombasa tunavichanganya kila tunapozungumzia mashoga na wasagaji. Ujumbe ulioingia ni mwingi kuliko nilipoandika bei ya unga. Nimechagua unaojibika. Walionitumia picha za majirani zao nimezifuta, na mkirudia nawafungia.

Mtaani kwetu kuna kijana sauti yake laini, mwendo laini, kila harusi yumo anapamba. Nitajuaje kama ni shoga? – Bondeni

Hutajua. Swali hili nimeletewa na watu chungu nzima, kwa maneno yale yale, utadhani mmenakiliana. Mwataka alama: hereni, suruali ya kubana, kukaa na wanawake. Kijana huyo ndiye anayefunga vitambaa ukumbini tangu alasiri, anayemsimamia bi harusi mpaka piko ikauke, na usiku mwajipanga nyote kupiga picha mbele ya jukwaa lake. Asubuhi mwakaa barazani, kahawa mkononi, mwamchambua.

Kwa Waislamu wenzangu wanaopenda kusema "dini iko wazi": Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, ametofautisha mwanamume aliyeumbwa na ulaini wa sauti na mwendo, ambaye hana lawama wala dhambi kwa maumbile yake, na yule anayejitia kusudi. Tendo lenyewe ni haramu, hilo silibishi wala sikuulizwa. Lakini mwendo si tendo. Ukitaka kujua jambo la maana kuhusu kijana huyo, jua kama umeshamlipa baki yake.

Mahakama ya Juu ilishahalalisha ushoga Kenya. Mbona watu wangali wakamatwa? – Likoni

Haikuhalalisha. Nimelijibu hili mara kadhaa, na kila mara yupo aliyesoma kichwa cha habari tu akaishia hapo. Someni polepole.

Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji 3 kwa 2, kwamba shirika linalotetea haki za mashoga na wasagaji haliwezi kunyimwa usajili, kwa sababu haki ya kujumuika katika Katiba ni ya kila mtu. Septemba mwaka huo Mbunge Peter Kaluma aliomba uamuzi upitiwe upya, akakataliwa. Basi. Ni kesi ya usajili wa shirika. Kanuni ya Adhabu haikuguswa: kifungu cha 162, kinachoadhibu tendo lenyewe, kingalipo, kifungo chake chafikia miaka 14, na cha 165, kinachotaja wanaume peke yao, miaka 5. Mahakama Kuu Nairobi iliombwa ivifute ikakataa, Mei 2019. Na ndoa haimo kabisa, maana ibara ya 45 ya Katiba yasema mtu mzima ana haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti na yake.

Msichokijua, ilhali kilitokea hapa kwetu, ni kesi ya vijana wawili waliokamatwa Ukunda mwaka 2015. Walipelekwa kupimwa kwa nguvu sehemu za nyuma, ati utafutwe ushahidi. Mahakama Kuu ikasema sawa. Wakakata rufaa, na Machi 2018 Mahakama ya Rufaa hapa Mombasa ikasema vipimo hivyo ni kinyume cha Katiba. Kwa hiyo askari akikwambia twende hospitali ukapimwe hivyo, huna wajibu wa kukubali. Hili si la mashoga tu. Anayeonewa na jirani mwenye chuki aweza kusingiziwa na kuburutwa vivyo hivyo.

Tukubaliane tu kwamba mambo haya yaliletwa na watalii. – Mzee, Mji wa Kale

Mzee wangu, shikamoo, lakini hatukubaliani. Mwaka 1899, kabla hoteli ya kwanza ya watalii haijasimama Diani, Mwaustria mmoja, Michael Haberlandt, alichapisha makala ya Kijerumani kuhusu mambo haya Unguja, pamoja na majina waliyoitwa watu hao kwa Kiswahili. Naye alikuwa na wa kumtwika: Waarabu. Kila zama na mgeni wake wa kulaumiwa. Mwaka 1987 mtafiti Gill Shepherd alichapisha utafiti wake kuhusu Mombasa yenyewe, akieleza watu waliokuwa wakijulikana mtaani. Wako waliopinga maelezo yake ya kwa nini iwe hivyo. Kwamba watu hao walikuwapo, wewe mwenyewe ukikaa na wenzako wawataja kwa majina na kwa ukoo.

Kilichoshuka kwenye meli ya Mwingereza ni kifungu cha 162. Aliandika kama hicho India mwaka 1860, akakieneza katika makoloni yake. Kwao, Uingereza na Wales, walianza kukilegeza 1967. India walikivunja 2018. Sisi twakilinda kama urithi wa babu.

Wewe walipwa na wafadhili gani? – Hakutaja anakokaa

Wakipatikana, nitumie namba yao.

Kijana wangu wa miaka 22 alizungumza na mtu kwenye simu, akaalikwa Mtwapa. Kufika chumbani wakatokea wanaume watatu, wakamvua nguo wakampiga picha, wakamlazimisha kutoa namba ya siri. M-Pesa wakaifagia, wakakopa na Fuliza. Sasa kila wiki wataka 5,000 wasimpelekee babake picha. Anataka kujiua. – Mama, Kisauni

Mama, la mwisho kwanza: usimwache peke yake usiku huu, na dawa na kamba ziondoke karibu yake. Mpeleke hospitali ya umma, aseme anafikiria kujiua. Halazimiki kueleza kisa chote ndipo atibiwe.

Pili, msilipe tena. Anayelipa 5,000 ataombwa 10,000. Hawa wanaishi kwa hizo. Watu wanaokamata vijana namna hii wamejaa Mombasa nzima, na mtaji wao ni aibu yetu. Wajua kijana hatakwenda polisi kwa kuogopa 162. Wajua baba atamfukuza. Ndiyo maana hawamwibii mwenye duka wakamfuata miezi sita, ila huyu wanamfuata.

Kupora kwa nguvu ni jinai. Kudai pesa kwa vitisho ni jinai. Kusambaza picha za utupu za mtu ni jinai chini ya sheria ya makosa ya mitandao ya 2018. Na kifungu cha 162 kinaadhibu tendo; kuzungumza kwenye simu na kwenda kuonana na mtu si tendo hilo. Hifadhini kila ujumbe, msifute hata wa matusi. Ile M-Pesa iliyotoka ina jina na namba ya aliyepokea: chukueni taarifa yote ya akaunti, badilisheni namba ya siri. Kituoni msiende nyinyi wawili peke yenu. Nendeni na wakili, au msaidizi wa sheria kutoka shirika la haki za binadamu. Nasema hivyo kwa kuwa wako maafisa ambao wakisikia kisa hiki nao huomba mgao wao.

Na babake aambiwe na nyinyi, kabla ya wezi. Picha ambayo baba keshasikia habari yake haiuziki.

Mwanangu wa kiume ana miaka 6, apenda kucheza kipishi-pishi na dada zake. Nifanye nini? – Tudor

Mwachie. Akikua atajua kupika, mkewe atakuombea dua.

Bibi yangu, Mkamba wa Machakos, alioa mwanamke. Wenzangu kazini wanacheka kwamba kwetu usagaji ni mila. – Changamwe

Wenzako hawajui mila za nchi yao. Kwenu mwanamke huyo aliyeolewa huitwa iweto. Mwanamke asiyejaliwa mtoto, mara nyingi hasa wa kiume wa kuendeleza nyumba, hutoa mahari, akaoa msichana. Watoto wa msichana huyo huhesabiwa wa nyumba ile. Wanandi, Wakipsigis, Wakisii na Wakuria nao wana ndoa za namna hiyo. Hakuna kitanda hapo kati ya hao wawili. Ni ardhi, jina na mrithi.

Wala si hadithi za wazee tu. Mwaka 2011 Mahakama Kuu hapa Mombasa iliamua kesi ya urithi ambamo marehemu, mwanamke wa Kinandi, alikuwa ameoa mwanamke mwenzake kimila. Ndugu wa marehemu walisema huyo si kitu. Jaji akaitambua ndoa, na mke na wanawe wakahesabiwa warithi. Wapelekee wenzako hilo. Ila nawe usije ukaligeuza ukasema Wakamba wa zamani walikubali mapenzi ya jinsia moja, maana nako nimesoma watu wakilivuta upande huo. Nyumba ya bibi yako haikujengwa kwa ajili ya hoja za watu wa leo.

Mtoto wa dada yangu, miaka 9, wa kiume, ameingiliwa na jirani mtu mzima. Wazee wasema tusuluhishe kimya kimya, yakijulikana mtoto ataitwa shoga maisha yake yote. – Shangazi, Majengo

Hili lanichoma kuliko yote. Mtoto huyo si shoga wala hakufanywa shoga. Amenajisiwa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haibagui mvulana na msichana: mtoto wa miaka 11 kurudi chini, adhabu ni kifungo cha maisha. Kesi ni ya Jamhuri, wazee hawana mamlaka ya kuisuluhisha kwa mbuzi wala kwa noti.

Leo hii: msimwogeshe kama bado, nguo zake zitieni katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, mpelekeni Hospitali Kuu ya Pwani. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi lazima ianze ndani ya saa 72. Daktari atajaza fomu ya PRC, ya matibabu ya aliyenajisiwa, polisi watatoa P3, fomu yao ya uchunguzi wa daktari. Namba 116 ni ya bure kwa mambo ya watoto.

Na hao wazee niwaambie jambo. Mtaa mzima huamka kwa kelele kukisikika uvumi wa wanaume wawili watu wazima waliojifungia. Anapoumizwa mtoto na mtu anayefahamika, mwenye heshima zake, ghafla kila mtu anakumbuka stara. Stara gani hiyo ya kumfichia mwenye kunajisi? Atahamia mtaa wa pili.

Sisi vijana tumeunda kikundi cha kusafisha mtaa. Tunaomba nasaha. – Kisauni

Nasaha: fagieni mitaro. Aya ya 12 ya Surat al-Hujurat inakataza kupelelezana na kusengenyana. Surat an-Nur, aya ya 4, inampa viboko 80 anayewazulia zinaa wanawake wanaojistahi bila mashahidi wanne. Mtwapa, Februari 2010, ulienea uvumi kwamba wanaume wawili wanaoana. Viongozi wa Kiislamu na wa Kikristo wakapaza sauti pamoja, umati ukavamia kituo cha afya cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kilichokuwa kikihudumia watu wenye Ukimwi. Harusi haikuwapo. Wagonjwa ndio waliokuwapo. Mkimpiga mtu mtashtakiwa kwa kupiga, na akifa mtashtakiwa kwa kuua.

Mimi ni Mkatoliki. Papa si alibariki ndoa hizi? – Mikindani

La. Waraka wa Vatikani wa Desemba 2023 uliruhusu padre kuwaombea baraka watu wawili wa jinsia moja, nje ya ibada, na ukasisitiza kwamba si ndoa. Januari 2024 maaskofu wa Afrika wakasema baraka hizo hazitatolewa huku. Muulize paroko wako, si WhatsApp.

Tumepata mjukuu, wakunga wanashindwa kusema ni wa kiume au wa kike. Jirani asema ni laana ya ushoga. – Bibi, Kwa Jomvu

Jirani huyo asiingie chumba cha mzazi. Mtoto huyo ni huntha, yaani aliyezaliwa na maumbile yasiyobainika kuwa ya kiume au ya kike. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,524 kama yeye, Sheria ya Watoto ya 2022 imewataja, na vitabu vya fiqhi vina masuala yao ya urithi tangu kale. Mwoneni daktari bingwa wa watoto, na kama haja ndogo inatoka na mtoto ananyonya, msikubali kisu cha haraka.

Nina wapangaji wawili wanawake, chumba kimoja, kitanda kimoja. Majirani wanataka niwatoe. – Mwenye nyumba, Bamburi

Kodi wanalipa? Basi huna sababu. Na umejuaje kitanda ni kimoja? Warudishie ufunguo wa akiba.