Kwa tabibu mpya Dodoma: angalia ndani kabla ya kuandika dawa

Wadogo zangu mnaoripoti kwenye zahanati za Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa, najua mmejiandaa kwa malaria, nimonia na kliniki ya wajawazito. Ila masikio, pua na koo vitawajia kila siku, na mara nyingi vitatajwa mwishoni, mama akiwa ameshainuka kwenye kiti: "Halafu na huyu sikio lake huwa linatoa maji."

Mrudishe akae. Sikio la usaha limezoeleka mno kwetu. Watu wanaamini mtoto akikua litakauka lenyewe. Kumbe ngoma ya sikio imetoboka, mtoto hasikii vizuri, na shuleni anaitwa mzito wa kuelewa. Linaniuma sana hili, kwa sababu tiba yake ya mwanzo ipo kwenye zahanati yako.

Uliza kwanza limetoa usaha kwa muda gani. Kama hazijafika siku 14, mpe amoksilini kwa siku tano, dawa ya maumivu, na mfundishe mama kulikausha. Zikifika siku 14 au kuzidi, usitegemee dawa ya kunywa. Hapo tiba ni kukausha sikio na matone ya siprofloksasini kwa wiki mbili.

Kukausha ndiko kunakopuuzwa kuliko vyote. Matone yakidondokea juu ya usaha hayafiki panapohitajika, na wiki mbili baadaye mtasema dawa imeshindwa. Kitambaa safi kinachonyonya maji kisokotwe mfano wa utambi wa koroboi, kiingizwe taratibu, kikilowa kitolewe na kiwekwe kingine, mpaka kitoke kikavu. Mara tatu kwa siku, ndipo matone yafuate. Mwonyeshe mama, kisha mwache afanye yeye mbele yako. Wengine wanaelewa haraka zaidi ukieleza kwa Kigogo, basi mwombe mhudumu wa hapo hapo akusaidie. Mtoto anapooga, sikio lizibwe kwa pamba iliyopakwa vaselini. Matone ya jentamisini usiyaweke kwenye ngoma iliyotoboka, yanaweza kuharibu usikivu moja kwa moja.

Ukiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, uso umepinda upande mmoja, kizunguzungu kikali au shingo imekakamaa, mpe dozi ya kwanza ya antibayotiki na aondoke kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Usaha unaonuka vibaya na hauishi hata baada ya kukausha vizuri nao ni wa rufaa, maana huenda ugonjwa unakula mfupa.

Pua zitawasumbua zaidi kiangazi, upepo na vumbi vikishika. Damu ya pua kwa watoto kwa kawaida hutoka sehemu ya mbele: akae, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia ili kuchungulia. Kuinamisha kichwa nyuma kunammezesha damu tu. Mtu mzima mpime presha. Ikishakoma, vaselini kidogo ndani ya pua inatosha kuzuia ukavu. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku tano, vinginevyo pua inaziba upya kwa sababu ya dawa yenyewe.

Mtoto mwenye uchafu unaonuka kwenye tundu moja tu la pua ana kitu ndani mpaka uthibitishe hana: karanga, harage, punje ya mahindi, shanga. Usimwandikie dawa ya mafua. Harage likiwa sikioni usilimwagie maji, litavimba. Mdudu aliye hai sikioni auawe kwanza kwa mafuta, ilimradi ngoma ni nzima, ndipo atolewe. Betri ndogo ya duara haisubiri kesho. Inaunguza nyama ndani ya saa chache. Na mtoto aliyepaliwa na karanga kisha akabaki anakohoa na kukoroma kifuani, hata akionekana ametulia, anahitaji kupelekwa hospitali, wala si dawa ya pumu.

Sasa kimeo. Mtalisikia sana neno hili. Mtoto akikohoa muda mrefu, bibi anasema kimeo kimerefuka, anapelekwa kwa fundi kikakatwe. Watoto wanavuja damu, wanapata maambukizi, hata pepopunda, na kikohozi kinabaki pale pale kwa sababu hakikutoka kwenye kimeo. Usimgombeze bibi, alitaka mjukuu apone. Mwambie kwa heshima, "Bibi, tutafute pamoja kinachomkohoza," kisha ukitafute kweli: hesabu pumzi, uliza juu ya kifua kikuu nyumbani, mpime uzito. Ukimrudisha na dawa ya kikohozi tu, kesho atakwenda kwa fundi.

Koo lenyewe ukiliona jekundu, na mtoto ana mafua na kikohozi, kwa kawaida ni virusi. Homa, usaha kwenye mafindofindo na tezi za shingo zinazouma, bila kikohozi, hapo fikiria bakteria na utoe penisilini kwa dozi kamili, kwa sababu koo lisilotibiwa linaweza kuishia kwenye moyo. Asiyeweza kufungua mdomo au kumeza mate, rufaa. Mtu mzima aliyekwaruza sauti zaidi ya wiki tatu, rufaa pia.

Barua ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa au Benjamin Mkapa iseme ni sikio lipi, tangu lini, na dawa gani zimetumika kwa siku ngapi. Piga simu uulize siku ya kliniki ya masikio, pua na koo kabla mgonjwa hajapanda basi kutoka Kibakwe.